Mchumba anasema ubatizo wangu haukushika

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, nimezaliwa na kukulia KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), nilibatizwa nikiwa na miezi mitatu na kipaimara nimepata. Nina mchumba, kijana ana heshima zake, ila ni mlokole wa kanisa la uamsho, posa imeshaletwa na nyumbani wameipokea. Sasa mchungaji wake kasema hafungishi ndoa mpaka nibatizwe kwa maji mengi, eti ule wa utotoni sikuwa na imani kwa hiyo haukushika, na wameshapanga Jumamosi tuende mto Karanga. Mama hajui, akijua ni balaa. Hivi sisi Walutheri tunaamini nini hasa? Maana nilipoulizwa nilibaki kutoa macho tu. (Dada wa Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwa kutoa macho nimecheka maana mko wengi, mnakariri Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha Luther cha mafundisho ya kipaimara, kama ngonjera, mbele ya usharika mnajibu vizuri kabisa, wiki inayofuata pilau limeisha na majibu nayo yameisha. Na sisi tunaofundisha tunachangia, tunawakimbiza mno.

Haya, mzizi wa Ulutheri ni kwamba Mungu ndo anaanza. Mtu anahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa imani, sio kwa kazi zake. Hicho ni kifungu cha 4 cha Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu Walutheri, lile lililosomwa mbele ya Kaisari Charles wa Tano tarehe 25 Juni 1530. Ukikishika hicho, cha 9 kinachosema watoto wabatizwe wala hakikupi shida, maana kama wokovu ni zawadi basi nani anafaa kupokea kuliko asiye na cha kutoa? Juzi tu kwetu kabatizwa mmoja, mchungaji kammwagia mara tatu, mtoto kapiga chafya, maji yameingia sikioni, kigauni cheupe cha kuazima kimelowa mgongo mzima, bibi anamfuta na khanga huku yeye analia kama anachinjwa. Mchumba wako angekuwepo angesema huyu kaamini nini hapa? Ni kweli katoto hakakusema kitu, ila sisi tunasema mbatizaji ni Mungu, na Mungu akishasema neno lake harudii kwa vile mtoto alikuwa analia.

Kuhusu wingi wa maji wala msigombane, Martin Luther mwenyewe, tuliyechukua jina lake, mwaka 1519 alihubiri kwamba kuzamisha ndiyo ishara inayopendeza zaidi. Ila akafundisha pia kwamba maji peke yake ni maji tu, kinachofanya kazi ni Neno lililo pamoja nayo. Beseni au mto Karanga, Neno ni lile lile.

Nisikufiche, hakuna mstari unaosema mtume fulani kabatiza kichanga. Tuna Matendo 16, yule mlinzi wa gereza Filipi alibatizwa yeye na watu wake wote, sisi tunasoma na watoto wamo, wenzetu wanasema wote waliamini kwanza, na mabishano hayo hayaishi leo. Na watu wazima tunawabatiza pia, wazee wetu wa mwanzo huku mlimani, baada ya wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, kufika Machame 1893, walifundishwa kwanza ndo wakabatizwa. Tusichofanya ni kurudia. Luther alisema ubatizo ni meli isiyovunjika, ukidondoka baharini unaogelea unapanda ile ile, huendi kuchonga nyingine.

Halafu usimdharau kijana wa watu. Waliobatiza upya karne ya 16 walifungwa na kuuawa, na wakubwa wa Kilutheri walikuwemo kwenye kuwatesa, ndo maana mwaka 2010 kule Stuttgart Walutheri wa dunia waliwaomba msamaha Wamennonite, ambao ni uzao wa wale watu.

Sasa Jumamosi. Mwanangu ukiingia mtoni kwa kuogopa kukosa ndoa, huo ubatizo hata kwa mafundisho yao wenyewe haufai, si wanasema lazima uamini mwenyewe? Sasa hapo utakuwa umeamini nini zaidi ya harusi? Mwulize mchumba swali hilo hilo, taratibu, bila kelele. Mama mwambie leo, asije akasikia sokoni Mbuyuni. Halafu nendeni wote wawili kwa mchungaji wa usharika wako, yule wa kwao naye akikubali kuja ndo vizuri zaidi.

SWALI: Mwalimu mke wangu alikuwa RC (Mkatoliki), tunahamia Lutheran, wazee wa mtaa wanabishana kama abatizwe tena. (Baba Neema, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Asibatizwe. Alibatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi, tunautambua na wao wanautambua wetu. Atafute cheti chake cha ubatizo parokiani alikotoka, ampelekee mchungaji, atapewa mafundisho kidogo halafu atapokelewa ibadani. Na wewe uwe unakaa naye kwenye hayo mafundisho, nahisi na wewe umesahau.