Niuze lenzi zangu nihamie Sony?

SWALI: Shikamoo Fundi. Napiga picha za harusi hapa Tanga. Nina Canon 6D na lenzi tatu za EF: 50mm, 24-105 na 70-200. Wenzangu wengi wamehamia Sony, wananitania eti natembea na tofali. Dukani nako nimeambiwa Canon imezitupa lenzi za EF. Niuze vyote nianze upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujaita dalali, fungua lenzi utazame mdomo wa kamera yako: ile pete ya chuma, alama nyekundu, na vinukta vya rangi ya dhahabu kwa ndani. Ugomvi wa hawa Wajapani uko hapo. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, utabadilisha, lakini mdomo ndio unaoamua lenzi utanunua kwa nani.

Kutupa wateja, Canon imewahi. Mwaka 1987 iliacha mdomo wa FD ikaleta huo wa EF ulio nao, na wenye lenzi za FD wakabaki wameshika tama. Nikon iling'ang'ania wake wa F tangu 1959.

Sony ilichukua biashara ya kamera ya Konica Minolta mwaka 2006, na mwaka 2013 ikatoa A7, kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande kinachonasa picha) isiyo na kioo cha kuakisi ndani kama 6D yako. Canon na Nikon walikuwa na soko la kamera za kioo la kulinda, wakasuasua hadi 2018. Na kwa kuwa Sony ilikuwa na lenzi chache, iliwaachia watengenezaji wa lenzi Sigma na Tamron wautengenezee mdomo wake lenzi. Ndiyo maana wenzako wana Tamron 28-75 ya f/2.8, inayoingiza mwanga mwingi, kwa bei ambayo lenzi ya Sony yenyewe ya daraja hilo huipati. Canon ilipoleta mdomo wa RF, wa kamera zake zisizo na kioo, ikapiga kufuli: mwaka 2022 Viltrox ya China ilitakiwa iache kuuza lenzi zake za RF, na Sigma na Tamron wakaruhusiwa 2024, tena kwa kamera za sensa ndogo. Hapo wana haki ya kukucheka.

Ila mwenye duka amekudanganya. Kwenye EF, kutoka mdomo hadi sensa ni milimita 44. Kwenye RF ni 20. Adapta ya Canon inaziba zile 24 zilizobaki, haina kioo cha lenzi ndani, ni pete na nyaya tu. 70-200 yako italenga yenyewe kama kawaida. Canon inajua mwenye lenzi tatu haondoki kirahisi, na wateja wenyewe wamebaki wachache: mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu zilikula zile ndogo karibu zote.

Mimi niliwahi kuuza lenzi nne ili ninunue bodi mpya. Harusi ya kwanza tu, nikaenda kukodi lenzi yangu mwenyewe kwa yule niliyemuuzia. Alinitoza bila haya.

Kwa hiyo baki na lenzi. Tafuta kamera ya Canon ya mdomo wa RF: EOS R iliyotumika, au R6 kama mfuko unaruhusu. Zote zinakubali betri za LP-E6 ulizonazo begini. RP ni rahisi zaidi lakini betri yake ni nyingine, ndogo, haitakufikisha hadi keki. Mimi ningejibana nichukue R6 kwa sababu moja: ina nafasi mbili za kadi, na wewe hadi leo unaiweka ndoa nzima ya watu kwenye kadi moja. 6D usiiuze, ifunge 50mm iwe ya akiba.

Siku ya kununua nenda na 70-200 yako. Ifunge kwenye adapta palepale, lenga kona yenye giza ya duka, ndipo utoe hela.