Mimi niliponzwa na somo moja

Wiki hii mmeuliza mtoto anayetaka kufika chuo kikuu afanye masomo mangapi kidato cha nne, saba au tisa. Mi nasema saba. Divisheni, yaani daraja la matokeo, NECTA (baraza la mitihani) wanaipiga kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, sasa hayo mengine mnamtwisha ya nini, mtoto anatoka tyusheni saa mbili usiku anagombania daladala Rangi Tatu na alfajiri saa kumi na moja yuko macho tena.

Ila swali lenu limenigusa mahali pengine. Januari 2009 naingia kidato cha tatu, shule ya kutwa huku Temeke, mwalimu wa taaluma akatugawia karatasi, weka tiki masomo unayobaki nayo, mzazi asaini, irudi kesho. Kesho! Mwalimu wa fizikia tulikuwa tunamwona mara mbili kwa mwezi, darasa zima tunaiogopa. Mama alikuwa anauza maandazi Tandika, nikamfuata hapo hapo kwenye karai, mikono imejaa unga, akaniuliza hii fizikia ni ya nini mwanangu, nikamwambia ngumu tu mama, haina kazi. Akajifuta na kanga, akasaini. Doa la mafuta likabaki pembeni ya jina langu, naliona mpaka leo.

Kemia na baiolojia nikafanya vizuri, kidato cha tano nikapangiwa CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, nyumbani wananiita dokta. 2013 ndo nimekaa intaneti kafe na mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, naangalia masharti ya udaktari, kila chuo ninachosoma fizikia imo. Nikarudia mwanzo nikidhani nimeruka kitu. Muda ukaisha, kijana wa kafe aliona uso wangu akaniongezea dakika kumi bure, dada malizia tu. Nikajaza ualimu. Kazi naipenda kwa kweli, nafundisha baiolojia, lakini kila nikifika mada ya moyo na mzunguko wa damu namkumbuka mama na ile kalamu.

Sasa nimeandika mpaka hapa naona ile saba yangu siwezi kuisimamia. Binti wa dada yangu naishi naye, yuko kidato cha pili, anataka unesi au udaktari bado hajajua. Huyu abaki na tisa, fizikia ikiwemo. Ikimshinda haimharibii divisheni maana zinachukuliwa saba bora, na akianza na D ana miaka miwili ya kuivuta ifike C, akiiacha hana cha kuvuta. Ila mtoto anayejua kabisa anataka sheria mwacheni na HGL yake, historia, jiografia na Kiingereza, na kama shule haina mwalimu wa fizikia wala maabara, hapo tisa ni kumtesa bure.

Ya kwetu mwalimu yupo, nimeenda kuuliza mwenyewe. Na dada nimeshamwambia, hiyo karatasi ikija Januari asisaini siku hiyo hiyo, aniletee kwanza tukae na mtoto.