Unataka Subaru? Tafuta fundi kwanza, gari baadaye

Wiki iliyopita mdogo wangu kanipigia saa tatu usiku, hata salamu haijaisha, "Dada nimepata Subaru Forester namba D, safi kabisa, mwenye nayo ana shida ya hela, nichukue au niachane nayo?" Nikamwambia subiri, usitoe hata shilingi. Afu nikakaa nikaona hili swali nishaulizwa mara nyingi mno, ofisini, kwenye kikoba, kwenye magrupu ya wasap, na kila mtu anataka jibu la neno moja. Hapa Dar ukitaja Subaru watu wanagawanyika, hawa wanakwambia hiyo gari ni presha ya kujitafutia, wale wanakwambia ukishaizoea hutaki tena kuendesha gari nyingine. Mimi Forester yangu ya 2005 ninayo mwaka wa saba huu, nimeshalia kwa ajili yake na bado siiuzi, kwa hiyo wacha niandike yote hapa.

Nianze na jina, maana wengi hawalijui na mimi linanigusa. Subaru ni Kijapani, ni lile kundi la nyota ambalo sisi tunaliita kilimia. Bibi yangu wa Pangani alikuwa anatoka uani usiku anaangalia juu, anasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hapo anajua jembe litoke lini. Nimekua nayasikia hayo na sikujua kwamba nyota zenyewe ndo zile zilizo pale mbele kwenye grili mpaka siku gari imekuwa yangu na naiosha mwenyewe. Ziko sita, moja kubwa na tano ndogo. Kampuni ilianzia kwenye ndege, Chikuhei Nakajima alianza kazi hiyo 1917 na vita vya pili vikaikuta inatengeneza ndege za kivita. Japani iliposhindwa ikakatazwa kutengeneza ndege, kampuni ikavunjwa vipande vipande, watu walewale waliozoea kuunda ndege wakageukia pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit kuanzia 1946 ili maisha yaende. 1953 kampuni tano kati ya zile zilizovunjika zikaungana zikazaa Fuji Heavy Industries, ndo maana nyota ndogo tano na kubwa moja, na bosi wao Kenji Kita ndiye aliyechagua jina la Subaru kwa gari ya kwanza. Jina la kampuni lenyewe limebadilishwa kuwa Subaru juzijuzi tu, 2017.

Kitu kikubwa kwenye hiyo historia kwa mtu anayetaka kununua ni mwaka 1966, gari iliyoitwa Subaru 1000. Hapo ndo walipoleta injini ya boksa na mpaka leo hawajaiacha. Injini nyingi unazozijua pistoni zimesimama zinapanda na kushuka, hii zimelala, mbili kushoto mbili kulia, zinaendeana kama mabondia wanaogonganisha ngumi. Uzito wote unakaa chini, kwa hiyo gari inashika barabara vizuri sana kwenye kona. Baadaye 1972 wakaweka fowili, yaani injini inasukuma tairi zote nne, kwenye Leone, gari ya kawaida ya familia, na Forester ikaja 1997. Kwa sisi tunaokaa Goba ndani huko, masika ikinyesha siku tatu mfululizo ule mlima wa kwetu unakuwa utelezi mtupu, mi nimepita na watoto nyuma wamevaa yunifomu wakati gari zingine zimegeuza zinarudi, tena bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, unaiachia tu inajipandia yenyewe. Hiyo ndo sababu siiuzi.

Lakini hiyohiyo boksa ndo inayowatia watu hasira, kwa sababu haijakaa kama injini ambazo mafundi wetu wengi wamejifunzia. Plagi ziko ubavuni zinatazama bodi, mkono unaingia kwa shida. Ina silinda hedi mbili na gasketi mbili, zile za kuziba kati ya hedi na injini, kwa hiyo kazi ya gasketi ni mara mbili. Na mfumo wa maji una tabia yake, ukijaza haraka hewa inabaki ndani. Hili la hewa ndo lililonikuta mimi.

Ilikuwa Desemba, tunaenda harusini Iringa, tumetoka Dar alfajiri. Wiki mbili kabla nilipeleka gari gereji moja jirani na nyumbani kubadilisha hozi ya rejeta iliyochoka, fundi kaifunga kwa saa moja, kanirudishia, sikuuliza kitu. Mizunguko ya mjini haikuonyesha tatizo lolote. Tukafika Ruaha Mbuyuni kwenye saa saba mchana, tukanunua vitunguu, joto la pale wanaolijua wanalijua, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya lori ambalo mtu angeweza kulipita kwa miguu, na kwenye zile kona huwezi kuovateki. Nikaona mshale wa joto, ambao siku zote unakaa chini kidogo ya katikati na hautikisiki, umeanza kupanda. Nikajiambia nikimaliza mlima nitapumzisha. Hilo ndo kosa lililonigharimu kuliko yote, ningezima palepale. Niliposimama kuna harufu tamutamu ya moto na kile kichupa cha akiba cha rejeta kinachemka kama sufuria ya maharage.

Utingo wa lori moja lililokuwa limepaki pembeni akaja mbio, "Dada usifungue mfuniko! Usizime kwanza, washa hita mpaka mwisho." Nikawasha, ikatoka hewa ya baridi. Yaani mshale uko juu kabisa na hita inatoa baridi. Kijana akatikisa kichwa, "Dada zima sasa, hiyo ndani ina hewa, maji hayazunguki." Sijui alijifunzia wapi lakini alikuwa sahihi, na hicho kipimo nawafundisha watu mpaka leo. Tukasubiri ikapoa, tukaongeza maji, nikawasha, kwenye kile kichupa yakaanza kutoka mapovu bila kukoma. Mapovu hayo ni hewa ya kwenye silinda inayopenya kwenye maji, gasketi ishaenda. Harusini tukafika kwa lifti, na gari ikapakiwa juu ya lori lililokuwa linarudi tupu Dar. Hapa nikumbushe, Subaru ya fowili ikiharibika ibebwe tairi zote nne ziwe juu, ukiikokota kwa kunyanyua mbele tu unaua na gia boksi.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ilala anayefanya hizi gari tu. Shikamoo, marahaba mwanangu, kafungua mfuniko wa rejeta, kachovya kidole kikatoka na maji ya rangi ya chai ya rangi. "Nani kaweka maji ya bomba humu?" Kulanti yote, ile dawa ya kupozea injini, ilimwagwa kwenye ile kazi ya hozi, wakajaza maji ya bomba, wakafunga bila kutoa hewa. Alipozivua hedi alichukua rula ya chuma akaisimamisha juu yake, akawasha tochi kwa nyuma, akaniita niangalie. Kwenye moja mwanga ulikuwa unapenya katikati kama uzi. Ndo kupinda kwenyewe huko. Zikapelekwa kuskimiwa zote mbili, yaani kukwanguliwa zinyooke, zikarudi na gasketi za chuma za tabaka tabaka badala ya zile za kawaida, na kwa kuwa injini ishashushwa nikabadilisha taimingi belti, rola zake, tenshena na wota pampu kwa pamoja. Ilinitoka zaidi ya milioni moja na nusu. Kazi ya kujaza maji peke yake ilimchukua karibu saa nzima, gari imenyanyuliwa mbele, ile skurubu ndogo ya kwenye kona ya rejeta iko wazi, anamimina kulanti kidogokidogo, anaminya hozi kwa mkono, anasubiri, mpaka hita ikatoa moto wa kuunguza. Miaka minne sasa mshale haujasogea.

Ndo maana nasema tafuta fundi kwanza. Kabla hata ya kuangalia bei nenda ukamjue mtu anayezifungua hizi gari kila siku, muulize kulanti anaitoaje hewa, akikujibu "hapa Dar joto, weka maji tu" au akakwambia thamostati, kile kidude kinachofungulia maji yazunguke injini ikipata moto, atatoa, muage kwa heshima uondoke.

Kwenye kununua, mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli. Fungua rejeta uone rangi, maji ya kutu au yenye mafuta mafuta ni hapana. Chomoa stiki ya oili, ikiwa nyeupe kama maziwa ni hapana. Iwashwe ukiwa umesimama nyuma kwenye eksozi, moshi wa bluu maana yake inakula oili, moshi mweupe usiokata hata ikipata moto maana yake inakunywa maji. Afu iendeshe, tafuta sehemu pana, kata usukani mpaka mwisho uende polepole, kama inajikaza na kurukaruka kama umeshika hendibreki basi fowili ina shida na hiyo ni pesa nyingi. Angalia na nyuma ilivyokaa, baadhi ya Forester zilitoka na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe, zikifa gari inakaa kama imebeba gunia za mahindi, na wengi wanaishia kuweka shokapu na springi za kawaida, ni sawa tu lakini ombea punguzo.

Taimingi belti usiamini maneno. Injini za EJ, ambazo ndo ziko kwenye Forester nyingi za mpaka kama 2010, zinatumia belti na inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, sasa hizi odomita zetu nani anajua zimesoma nini, wewe ukinunua badilisha siku hiyohiyo, ikikatika njiani pistoni zinagonga valvu na hapo injini ndo kwaheri. Zilizofuata zenye injini ya FB zinatumia cheni, hilo ni afadhali, ila zina jambo lao la oili. Kule Marekani wenye baadhi ya gari za injini hizo walienda mahakamani wakilalamika zinakula oili kupita kiasi, na 2016 yakafikiwa makubaliano. Kwa hiyo kama unachukua ya cheni, stiki ya oili iwe rafiki yako. Mi yangu ya belti nayo naipima kila Jumapili asubuhi, gari ikiwa imepaki sehemu tambarare, maana boksa ukiipima kwenye mteremko inakudanganya. Oili naweka 5W-30 na nabadilisha kila kilomita 5,000, wauzaji watakwambia weka nzito kwa sababu ya joto la Dar, fuata kitabu cha gari yako.

Tairi sasa, hapa wengi wanajiua wenyewe. Ile tabia yetu ya kununua mbili mpya kwa sababu mbili bado zina meno, kwenye Subaru acha kabisa. Tairi nne zote ziwe saizi moja, aina moja na kuisha kwake kulingane, la sivyo za mbele na za nyuma zinazunguka tofauti muda wote na fowili inapambana nayo mpaka inaungua. Kama hela haitoshi nne, subiri mwezi mmoja ujichange.

Kuhusu mafuta nisiwafiche, kwenye foleni ya Mwenge jioni yangu inakwenda kilomita nane kwa lita, safari ndefu inafika kumi na moja mpaka kumi na mbili, na hiyo haina tabo, ile ya kuongeza nguvu ya injini. Ukitaka ya tabo jiandae zaidi, na kagua mara mbili maana nyingi zimepita kwenye mikono ya vijana waliozikimbiza usiku. Wanaosema Subaru ni dhaifu nawaambia Colin McRae alishinda nayo Safari Rally 1997 na Richard Burns akashinda nayo 2000, hapo jirani tu Kenya, kwenye mawe na vumbi lilelile tunalolijua, ila wao walikuwa na mafundi wanaoikagua kila inaposimama. Na wale wa "mimi Toyota tu", Toyota wenyewe walianza kununua hisa za Subaru 2005 na sasa wanashika kama asilimia 20.

Mdogo wangu nimemjibu hivi, kama kipato chako cha mwezi hakiachi kitu pembeni cha gari, chukua Toyota IST uishi kwa amani, haina aibu. Kama kipo, na utakubali kufungua boneti kila wiki, twende. Amekubali. Gari iko Tabata, tunaenda Jumamosi saa moja asubuhi na yule mzee wa Ilala, nimeshampigia mwenye gari kumwomba asiiguse mpaka tufike, na rula na tochi mzee kasema anakuja nazo.