Foto za kwa tate (babu) kisiwani Idjwi, mu ziwa Kivu, na kwa nini nasema zigawe haraka

Yaya uliyeuliza juu ya zile foto za nyumba ya babu yenu zenye ulizikuta mu sanduku ya mama, kama uziweke kwa grupu familia yote ione ao uzitunze kwanza mupaka siku mutakutana wote, mi nitakujibu kwa yenye tumeyapitia kwetu, juu hii jambo inanigusa sana. Zigawe. Zigawe hii wiki, hata kama zimepauka, hata kama hujui nani ni nani ndani. Sababu njo ndefu, univumilie.

Nyumba yetu ya mujini ilikuwa hapa Goma, katikati kabisa, na albamu zote za familia zilikuwa pale, pamoja na zile za kwa tate kule Idjwi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ikapasuka, moto ikateremuka mupaka mu mji, ikapita katikati ikaenda kuishia ziwani. Watu wapata 120,000 walibaki bila nyumba. Siku ile mutu anashika mutoto, anashika godoro, sufuria, karatasi za kazi, anakimbilia Gisenyi ao upande wa Sake, sijasikia hata mumoja anasema alikimbia na albamu. Tuliporudi, pale nyumba ilikuwa palikuwa mawe meusi tu, na mvua ikinyesha inatoka mvuke. Kuna watu wa umri wangu hapa Goma hawana hata foto moja yao ya utoto, na hawatakuwa nayo tena.

Sasa zile foto tuko nazo leo zimetoka wapi? Zimetoka kwa watu wenye tate aliwatumia kopi zamani. Wakati ule mutu akipigwa foto anaomba kopi kadhaa, nyuma anaandika "ukumbusho" na jina na mahali, anatia mu barua. Kwa hiyo shangazi Bukavu alikuwa nazo mu bahasha, baba mudogo wa Kisangani alikuwa nazo, na kuna binamu yuko Ubelgiji mwenye mama yake alipokea foto mu barua miaka ya 1980 akazitunza zote. Kidogo kidogo zikarudi. Zile zenye tulizifungia mu kabati letu ili zisipotee, hakuna hata moja imebaki. Njo maana nikiona mutu anasema "nazitunza kwanza" roho inaniuma.

Nikueleze mbili kati ya zile zilirudi. Ya kwanza ni ndogo, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa meno meno, vile walikuwa wanakata zamani miaka ya 1950 na 1960. Nyumba ya tate iko na nyasi juu, yeye bado kijana, amevaa koti na tai, amesimama sawa kabisa na mikono pembeni. Ya pili ni ya rangi lakini rangi imekwisha kugeuka, kila kitu kimekuwa chekundu chekundu, tate amevaa abakosti (ile suti ya wakati wa Mobutu, haivaliwi na tai), nyumba ni ile ile, mulango ule ule, lakini juu sasa ni bati. Mbele kuna kahawa imeanikwa juu ya mikeka. Hakuna mwaka wenye umeandikwa. Lakini angalia: tai na abakosti vinakuambia kitu, juu wakati wa Mobutu tai ilikatazwa mu miaka ya 70, ikarudi 1990 tu. Na bati nayo inasema. Baba mudogo akanieleza kama baridi kali ilichoma kahawa ya Brazili 1975, bei ikapanda dunia nzima, na wakulima wa huku nao wakaonja ile pesa, njo wakati nyumba nyingi za kule kwetu zilitoka mu nyasi zikaingia mu bati. Basi ile foto ya pili tukaiweka karibu ya 1977. Bila foto zote mbili pamoja hatungejua, na moja ilitoka Bukavu, ingine Ubelgiji.

Hapo njo nafika ku jambo lenye naona ni kubwa kuliko foto yenyewe. Nilimupelekea shangazi ile ya kahawa nikaweka telefone mezani inarekodi. Mi nilifikiri ataanza na baba yake. Hapana. Aliweka kidole ku mukeka, akasema hii ndiyo tulikuwa tunalalia. Akaendelea: wingu likitokea upande wa ziwa, mama anapiga kelele "mvua!", batoto wote wanaacha kila kitu wanakimbia kukusanya kahawa, wanaiingiza mu nyumba, na kama mvua haikatiki wanalala nayo pale pale, kahawa huku na watoto huku, na asubuhi wanaenda shule nguo zinanuka kahawa mbichi. Aliongea karibu saa nzima juu ya mukeka mumoja. Akafika mupaka ku wanaume wenye walikuwa wanavusha kahawa usiku na pirogi (mitumbwi) kwenda Rwanda kutafuta bei nzuri, na wale wenye ziwa liliwachukua, akawataja majina. Mi nimekulia likizo zangu mu ile nyumba na sikuwahi kusikia hata neno moja la hayo.

Mi yangu ninayokumbuka ni ya batoto: boti kutoka Goma, mananasi (mutu asiyekula nanasi ya Idjwi bado hajala nanasi, hilo sitabishana na mutu), jiko ya nje yenye moshi ulikuwa unatutoa machozi, sombe (majani ya muhogo) ya tate mwanamuke (bibi). Na usiku wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Wanafunga pirogi tatu pamoja, zile miti mirefu zimetoka mbele na nyuma, taa zinawaka, na wanaimba kwa kupiga kasia, unasikia mupaka juu ku kilima. Tukikaa inje usiku wenye hauna mwezi, ziwa lote lilikuwa na taa kama mji mwingine. Kumbe sambaza yenyewe si ya zamani vile tulifikiri, ilitolewa Tanganyika ikaletwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950. Mama ya tate alikuwa amekwisha kuwa mutu muzima. Hiyo nayo ilitoka kwa wazee wakiangalia foto, mumoja aliona wavu nyuma ya nyumba akasema hii wavu si ya wakati wa baba, na mabishano yakaanza. Yaache mabishano, ni mazuri. Waweke wazee wawili pamoja mbele ya foto moja, uwashe telefone, unyamaze. Na usiwaulize "ni mwaka gani", watakujibu tu "zamani". Uliza ilikuwa mbele ao nyuma ya watu kubadilishwa majina wakati wa Mobutu (hiyo ni 1972), mbele ao nyuma ya wakimbizi wa Rwanda kuja (1994), msimu wa mvua ao wa jua, nani alikuwa amekwisha kuzaliwa. Hapo watakupa.

Ya kazi ya mikono nitapita haraka. Piga kila foto karibu na dirisha, mu kivuli, bila flashi, na telefone iwe sawa juu yake. Kama foto imenata ku kioo cha fremu usiivute, itapasuka sura, ipige hivyo hivyo kupitia kioo. Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, toa foto ndani polepole, ile gundi inazikula. Nyuma andika na kreyo (penseli), pembeni, bila kukandamiza. Biki, kalamu ya wino, inapita inatokea mbele ku sura ya mutu. Ukituma WhatsApp tuma kama dokima (document), si kama foto ya kawaida, juu inapunguzwa na kesho ukitaka kuchapisha inatoka vumbi tu. Na upige hata nyuma ya foto, maandiko ya mutu aliyekufa nayo ni ukumbusho.

Kopi ziwe mu miji tofauti. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipasuka tena, moto ikasimama kule Buhene bila kufika katikati ya mji, na tarehe 27 tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame. Tulienda Sake kwa miguu na mabegi ya mugongoni tu. Nilikuwa na woga wa vitu vingi siku ile, lakini woga wa foto sikuwa nao, juu zilikuwa Bukavu, Kampala na Ubelgiji.

Juu ya kuziweka wazi: grupu ya familia, ndiyo, zote. Facebook, chagua. Sisi tuliacha zile za batoto wanaoga ziwani uchi, na tuliacha moja yenye inaonyesha muti wa mupaka kati yetu na jirani, juu unajua mambo ya mashamba huku kwetu yalivyo, wazee walisema hiyo ibaki ndani na tukawasikiliza. Kama mu foto kuna watu wa familia ingine, uliza mutu wao kwanza, na umupe kopi yake. Unaweza kuta hiyo ndiyo foto ya pekee ya mama yake.

Kitu kimoja nitakikataa kwa nguvu: hizi programu za kupaka rangi na kusafisha sura. Kijana mumoja wa kwetu alimupitisha tate mule, akatoka na meno yenye hakuwahi kuwa nayo na ngozi ya mutu mwingine, na sasa ile njo inazunguka mu simu za wajukuu, wanafikiri ni yeye. Kama munataka kuchezea, chezea kopi, na muandike juu yake kama imepakwa rangi.

Umesema mama yenu mukubwa bado yuko Minova na macho yake yanaanza kupungua. Anza na yeye. Usingoje umalize sanduku yote, chukua tano ao sita, chapisha kubwa ili aone vizuri, panda boti ao gari, umukalishe kwa mwangaza. Na telefone iwe na chaji ya kutosha, juu akianza hatanyamaza mbele ya jioni.