Mawe ya urembo juu ya ukuta wenye foma

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubandika mawe ya urembo moja kwa moja kwenye bodi za foma (povu gumu la plastiki) zilizofunika ukuta wa nje. Tafadhali usifanye hivyo. Foma huzuia joto na baridi, haibebi mawe. Mzigo lazima ufike kwenye fremu ya mbao iliyo nyuma yake. Tandaza tabaka mbili za karatasi ya kuzuia maji, halafu wavu wa chuma usioshika kutu, uufunge kwa skrubu ndefu zinazopenya foma na kuingia kwenye mbao angalau milimita 25. Piga plasta, ikwaruze ikiwa mbichi, kisha bandika mawe.

Ninachokusisitizia zaidi ni maji, maana yatapenya tu: yaachie njia ya kutokea chini, na mawe yaishie sentimita 10 juu ya udongo.