Maswali na majibu: Muhuri wa shaba na mashine ndogo ya CNC

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu zile mashine ndogo za CNC (zinazochonga kwa kuongozwa na kompyuta) zenye meza ya sentimita 30 kwa 18, ambazo vijana kadhaa hapa Mombasa wamezinunua ili wachonge mihuri ya shaba njano. Nimezifurahia, ila nyingi zinarudia kosa lile lile.

Fundi, shikamoo. Nachonga muhuri wa milimita 40 kwa 40, nembo ya duka la mikoba ya ngozi. Natumia biti (kisu kinachozunguka) ya umbo la V yenye ncha ya milimita 0.1. Mashine imeanza alfajiri, sasa ni usiku na haijamaliza. Niongeze mwendo? (Kijana, Kisauni)

Marahaba mwanangu. Usiongeze mwendo. Ukiongeza utavunja ncha, na bado hutamaliza mapema.

Tupige hesabu. Muhuri wa ngozi unataka mandhari yote, yaani shaba inayoizunguka nembo, iondolewe ili nembo ibaki imesimama. Wewe unaiondoa mandhari hiyo kwa ncha ya unywele, ukisogea milimita 0.05 kila mstari. Katika upana wa milimita 40 hiyo ni mistari 800, kila mmoja milimita 40, jumla mita 32. Kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika, tabaka moja linakula dakika 160. Ukishuka 0.1 kila tabaka hadi kina cha 0.6, ni matabaka sita: saa 16. Mashine yako haina ubaya wowote, imefanya ulivyoiagiza.

Sasa chukua biti bapa ya milimita 2. Isogeze 0.8 kila mstari: mistari 50, mita 2 tu. Kwa milimita 300 kwa dakika, tabaka ni kama dakika saba, na matabaka sita ni dakika arobaini. Hapo ndipo ufunge biti ya ncha, na uiambie programu kipenyo cha biti iliyotangulia, ili ncha ipite tu pale ambapo biti nene haikuweza kuingia: kingo, pembe, na nafasi za ndani ya herufi. Kazi ya siku nzima inakuwa kazi ya kati ya adhuhuri na alasiri.

Nimeliandika jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika: ncha nyembamba ni ya kumalizia, si ya kulimia. Kila mwezi naletewa biti zilizoungua, na kila mwezi mwenye nazo anailaumu shaba.

Na kwa kuwa muhuri wako ni wa ngozi, kina cha 0.6 hakitakutosha kwenye sehemu pana. Ngozi iliyoloweshwa huvimba ikipigwa, inapanda mpaka kwenye mandhari na kuacha alama usiyoitaka. Sehemu pana zishushe hadi 1.5 au zaidi, na hizo ni kazi ya biti nene, kwa hiyo muda hauongezeki sana. Nafasi finyu katikati ya herufi ziache hapo hapo 0.6, ngozi haiwezi kufika ndani. Ubavu wa mteremko unaoachwa na biti ya V usiuondoe. Huo ndio unaoushikilia mstari mwembamba usipinde chini ya nyundo.

Jambo la mwisho, hukuniuliza lakini nalisema. Mteja akikuletea picha ya simu yenye mistari kama nyuzi za buibui, kaa naye mchoro urekebishwe kwanza. Mimi mstari uliosimama wenye upana chini ya milimita 0.3 siuchongi kwa mashine hizi. Nusu saa ya kurekebisha mchoro inaokoa kipande cha shaba.

Herufi za muhuri wangu zimetoka kinyume kwenye karatasi. Mashine ina tatizo gani? (Likoni)

Haina tatizo. Muhuri huchongwa kinyume ili usomeke sawa. Hili nimelijibu mara nyingi mno. Kabla ya kuanza, weka kioo mbele ya skrini: kinachosomeka kiooni ndicho kitakachosomeka kwenye karatasi.

Upande wa kushoto herufi zimeingia sana, upande wa kulia hazionekani kabisa. Nimepima kina mara tatu. (Changamwe)

Umepima kina kwenye kompyuta, hukupima uso wa shaba. Biti ya V hupanuka kadiri inavyozama. Ya pembe ya nyuzi 60, tofauti ya milimita 0.1 kwenda chini inaongeza kiasi cha 0.115 kwenye upana wa mstari. Ya nyuzi 30 inaongeza kama nusu ya hapo. Kwa hiyo meza iliyoinama kidogo tu inafuta maandishi.

Zipo njia mbili, na ningependa ufanye zote. Kwanza, usawazishe ubao wa mezani kwa biti pana ya mashine yenyewe, urudie kila baada ya muda, kwa sababu ubao wa MDF (wa unga wa mbao ulioshindiliwa) hunywa unyevu wetu wa pwani ukavimba. Pili, tumia nyaya za kupimia: mmoja kwenye biti, mmoja kwenye shaba. Shaba hupitisha umeme, basi ncha ikigusa uso, mashine inajua kimo cha pale. Programu inapima nukta nyingi na kuifuata miinuko yote. Kwa mihuri midogo, njia hii ya pili ndiyo iliyonipa usingizi.

Na kipande usikifunge kwa vibano vya pembeni vikakipinda. Bandika tepu ya karatasi chini ya shaba na juu ya ubao, kisha tia supaglu katikati ya tepu mbili. Kinakaa bapa, na kukitoa ni rahisi.

Leza ndogo inayopachikwa kwenye mashine hii inaweza kunakshi shaba? (Bamburi)

Ya kawaida haiwezi, na mwanga unaorudishwa na shaba unaweza kukupofusha.

Maalim, ncha inavunjika kabla hata ya herufi ya kwanza kwisha. Nimenunua biti kumi, zimebaki mbili. (Majengo)

Zihifadhi hizo mbili mpaka uangalie mambo haya. Safisha koleti (kishikio cha biti), kwa kuwa chembe moja ya shaba ndani yake inatosha kuifanya biti iyumbe. Ncha yako ni 0.1. Ikiyumba 0.05, huko ni nusu ya ncha nzima. Pili, usiizamishe biti wima kama unatoboa, iingie kwa mteremko. Tatu, shuka 0.05 kwa kila pito, si 0.2.

Halafu niambie shaba yenyewe umeipata wapi. Ile ya aina ya C360, ambayo Waingereza huiita CZ121, hukatika kwa chembe fupi zinazoruka zenyewe. Bamba la aina ya C260 ni laini, linanata na kujikunja kwenye ncha. Kipande cha skrepu usichokijua ni bahati nasibu, na bahati nasibu hailingani na bei ya biti. Vaa miwani, chembe zile ni kama sindano.

Nataka muhuri wa shaba wa kugonga biskuti za Idi. Nitumie kina gani? (Mama, Tudor)

Dada yangu, usitumie shaba hii kwenye chakula. Ile inayochongeka vizuri imetiwa madini ya risasi (ledi), takriban asilimia 3, na risasi ni sumu, mbaya zaidi kwa watoto. Mashine yako inachonga mbao vizuri sana, chonga wa mbao. Wa shaba uuweke kwa sabuni, ngozi au lakiri (nta ya kufungia bahasha). Na tafadhali, mashine isikae jikoni, unga wa shaba usipulizwe kwa mdomo, na mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto.

Nina picha ya muhuri wa ofisi moja, nataka nichonge unaofanana nao kabisa.

Sikusaidii. Kughushi muhuri ni jinai, na aliyeuchonga anaweza kushtakiwa pamoja na aliyeutumia. Vijana, mtu akikuletea kazi ya muhuri wa ofisi yoyote, dai barua ya ofisi hiyo kabla hujagusa mashine.

Nachonga muhuri wa lakiri kwa kadi za harusi, majina kwa herufi za Kiarabu. Mteja amekataa kazi, anasema jina si lake. (Kibokoni)

Mteja ana haki. Ba, ta na tha zina umbo moja, zinatenganishwa na nukta peke yake. Nukta ikizibwa, umebadilisha jina la bibi harusi. Muhuri wa lakiri unachongwa kwa kuzama, kwa hiyo hauhitaji kuondoa mandhari, na hilo linakuokolea muda mwingi. Utumie muda huo kwenye nukta. Kwa biti ya nyuzi 30 yenye ncha ya 0.1, mstari wa upana wa 0.5 unashuka kama 0.75, na lakiri itasimama vizuri. Kwa nyuzi 60 upana huo huo unashuka kama 0.35 tu. Zipanue nukta kidogo kwenye mchoro, zitenganishe na mwili wa herufi, na ziwe na kina sawa na mstari.

Tena, geuza maandishi yawe mchoro kabla ya kuyapeleka kwenye programu ya kuchongea, kwani nyingine huzikata herufi za Kiarabu moja moja na kuzipanga kinyume. Ukiongeza na kule kugeuza kwa muhuri, macho yanachanganyikiwa. Bonyeza udongo laini juu ya muhuri uliokamilika, mpe anayesoma hati hiyo asome kwa sauti, ndipo umwite mteja.

Stima ikikatika katikati ya kazi, nianze upya? (Mwembe Tayari)

Si lazima, mradi kipande hakijatoka mezani. Mashine imesahau ilipokuwa, lakini wewe unaweza kuikumbusha: kabla ya kazi, toboa vitundu viwili vidogo nje ya mchoro, uandike vipimo vyake. Stima ikirudi, inua biti kwa mkono, itafute mahali pa vitundu hivyo, weka sifuri upya, kisha endelea kutoka mstari uliokatika.