Muulize Mwalimu: Anasoma au anakariri?

Hamjambo wapendwa. Barua za safari hii karibu zote ni za darasa la pili, nadhani ni zile ripoti za kufungia shule mwezi wa sita ndo zimewatoa watu jasho. Nimelifundisha darasa hilo mpaka nimestaafu nalo kwahiyo leo naomba mnivumilie, ntaongea.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi niko Mikindani, mwanangu wa kiume yuko la pili. Nyumbani anasoma kitabu chake chote mwanzo mpaka mwisho bila kusita, hadi namrekodi namtumia babake aliyeko baharini. Sasa ripoti imekuja upande wa kusoma kaandikiwa "hajamudu". Nikaenda shule, mwalimu akanambia tu mama mtoto wako hajui kusoma, akarudi zake darasani. Nimeumia sana. Anamchukia mwanangu? Na wakisema akariri darasa nikatae?

Jibu: Marahaba mama. Pole, na huyo mwenzangu alitakiwa akukalishe chini akuoneshe, hata kama ana darasa limejaa watoto mpaka mlangoni, dakika tano hazikosi. Ila kabla hujamnunia fanya hivi leo usiku. Chukua kitabu hichohicho, ziba picha kwa kiganja, alafu muoneshe neno la katikati ya ukurasa, sio la mwanzo, muulize hili nini. Kisha karatasi nyingine kabisa mwandikie we mwenyewe maneno ambayo kitabuni hayamo: mbuyu, chungwa, ng'oa, mwiko, kwapa, nywele. Akiyasoma, hata kwa kujikongoja, njoo unambie nimekosea. Akikuangalia usoni badala ya kuangalia karatasi, basi mama kitabu kakariri kama wimbo. Picha ya kuku inamkumbusha mstari wa kuku, ukifunua ukurasa na mdomo unafunua. Hiyo akili anayo tena nyingi sana, nimeona watoto wa hivo kila mwaka, ndo maana huwa wanachelewa kugundulika.

Nikueleze kinachofanyika. La kwanza mtoto anaanza na sauti. Sisi tuliimba a, be, che, de, siku hizi herufi inatamkwa kwa sauti yake, b haiitwi "be", inaitwa kwa ule mlio midomo ikifumbuka, na ndo maana wazazi mnapigana na watoto nyumbani, we unamwambia "be" na "a" inakuwa "bea", mwenzio shule kaambiwa "ba". Usimfundishe ya kwako. Baada ya sauti zinakuja silabi, ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, na kwa Kiswahili chetu hapo mtoto keshapata utajiri maana karibu kila silabi inaishia na irabu na irabu zenyewe tano tu hazibadiliki mlio. Ndo akiingia la pili anakutana na mlima, konsonanti mbili kwa irabu moja, nd, ng, ny, ch, sh, kw, mw, na wale wakorofi th, dh, gh, alafu tatu kabisa, mbwa, ngwa, nywa. Ng na ng' peke yake nimeshawahi kuifundisha wiki nzima. Mtoto aliyevuka la kwanza kwa kuitikia na wenzake darasa zima anakwamia hapahapa kwasababu hapa ukikariri hupiti, maneno ni mengi mno.

Akishaweza kuunganisha bado. Inabidi asome bila kukatakata, apumzike kwenye mkato, asimame kwenye nukta, na akimaliza ajue alichosoma. Muulize kuku kataga mayai mangapi. Wengi wanasoma vizuri kama redio, ukiuliza swali wanaanza upya kutafuta.

Sasa dawa. Dakika kumi kila siku, zisizidi, na asiwe na njaa. Kata vikaratasi andika silabi, apange maneno yake mwenyewe hata yasiyo na maana, "ngwabu", "shomwi", tena hayo ndo mazuri maana hawezi kuyakariri. Alafu toa kanga zako. Mama wa Mikindani hukosi kanga, kila kanga ina jina, maneno machache, herufi kubwa, na mtoto hajawahi kuyaona kitabuni. Asome moja kila siku kabla hujaivaa (zile za kusutana ficha kwanza, atakuuliza maana yake utajibu nini). Ukimtuma ufukweni asome majina ya mashua. Pakiti ya chumvi, mkoba wa boda, chochote. Mi nilikuwa nawaambia wanafunzi waniletee jina la kanga ya bibi, kesho yake darasa zima linacheka na hakuna aliyekuwa amekariri.

Na macho yake umeyaangalia? Mkalishe mbali na kalenda ya ukutani uone kama anakunja uso. Kukariri darasa tuliache kwanza, muhula wa pili huu mbichi, ukianza leo mpaka mwezi wa kumi na moja utaona tofauti. Rudi kwa mwalimu ukamuulize swali moja tu, amekwama silabi zipi. Mwalimu yeyote wa la pili analo jibu hilo kichwani.

Swali: Mwalimu habari za kazi, mi nalea mtoto wa dada angu hapa Newala. Nikiangalia madaftari yake ya la pili ni kusoma kuandika kuhesabu basi, sisi tulikuwa na sayansi na mambo chungu nzima. Wenzake wa ingilishi midiamu wanajua hadi viungo vya mwili kwa Kiingereza. Si anaachwa huyu?

Jibu: Salama mjomba, na hongera, kwa watu wetu wa huku mjomba ndo mwenye mtoto, dada yako kamuacha pazuri.

Haachwi. Zamani masomo yalirundikwa tangu la kwanza, matokeo yake mwaka 2012 ikatangazwa maelfu ya watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza hawajui kusoma na kuandika. Kidato cha kwanza mjomba! Mtu kapita miaka saba na mitihani juu. Ndo maana mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ukapunguzwa, muda mwingi ukapewa KKK, yaani hizohizo kusoma, kuandika na kuhesabu, pembeni yake afya na mazingira pamoja na michezo na sanaa. Sayansi iko humohumo, kunawa mikono, maji safi, usafi wa choo, haijaitwa tu sayansi. Alafu kuna mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 kwa kuanzia na baadhi ya madarasa, huo umeshusha Kiingereza mpaka la kwanza, zamani shule za serikali kilianzia la tatu, kwahiyo muulize na daftari la Kiingereza, atakuwa nalo kalificha.

Hao wa viungo vya mwili usiwaogope. Mpe mmoja wao asome mstari wa Kiswahili asioujua alafu mlinganishe na wako.

Swali: Mwalimu mjukuu wangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Mamake anataka tuufunge kitambaa. Bibi, Ruangwa.

Jibu: Shikamoo bibi. Msiufunge. Kula ale kwa wa kulia kama mnavyotaka nyumbani kwenu, ila penseli muacheni nayo, ukimbadilisha anaandika taratibu na imla inamuacha. Mwambieni mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto asigongane viwiko na jirani, na daftari alilaze kidogo lielekee kulia. Basi.

Swali: Mi mkulima wa Tandahimba. Msimu unakuja na korosho haziokoti zenyewe. Mtoto yuko la pili tu, hana mtihani wa maana, nikimchukua mwezi wa kumi na wa kumi na moja nitakuwa nimeharibu nini? Jumamosi haitoshi.

Jibu: Kaka umeniuliza kwa heshima ntakujibu hivohivo. Umeharibu mwaka. Kwanza mtihani upo, mwisho wa mwaka la pili wanapimwa KKK, na unaangukia humohumo kwenye korosho. Pili mambo magumu yote ya mwaka yako mwishoni. Kwenye kuhesabu wanakuwa wameshafika namba za mamia, kujumlisha na kutoa kwa kubeba na kuazima, kuzidisha, fedha, kusoma saa. Akikosa kuazima huko la tatu atakuwa anakodoa tu macho.

Ila sikwambii korosho ziwe adui, hela ya daftari inatokea hapo, naijua hiyo hesabu. Jumamosi na jioni aende, na akiwa huko mfanyie hivi. Kila korosho kumi afunge fungu. Mafungu kumi mia. Jana aliokota 47 leo 38, mwambie ajumlishe kwa mikono: saba na nane, kumi na tano, hapohapo atoe kumi afunge fungu, zinabaki tano, mafungu matatu na manne saba, na hilo jipya nane. 85. Hiyo ndo "kubeba" inayowatoa machozi ubaoni, pale chini ya mkorosho mtoto anaishika mkononi. Kuazima ni kinyume chake, anafungua fungu. Siku ukienda kupima kilo chama cha msingi cha ushirika mchukue asome mzani kabla ya karani, makarani wengine watajirekebisha wenyewe.

Mabibo asile sana utamuuguza tumbo. Na kubangua usimpe kabisa, mafuta ya ganda yanababua ngozi, nimepokea watoto darasani vidole vimechunika hawawezi kushika penseli.

Swali: Mwanangu kwenye imla anaandika "kura chakula" na "mahari pale". Mwalimu kasema ni Kimakonde, tuache kukiongea nyumbani. Kweli?

Jibu: Mama wa Nanyamba, hapana, endeleeni. Mtoto mwenye hadithi za bibi kwa lugha ya bibi ana maneno mengi kichwani, na hayo ndo anakuja kuyatafutia njia kwenye Kiswahili. Hiyo r na l inawasumbua watu wa makabila mengi tu hapa nchini, mpaka watangazaji. Inatibika kwa sikio kwanza: mtamkie jozi, kula kura, mahali mahari, fahali fahari, umuoneshe ulimi unavyotetema kwenye r, acheke aige. Alafu aandike tano tano kila jioni. Bahati mbaya na mimi natoka hukohuko, imla za mwanzo nilikuwa nawasomea wanafunzi "mahari" na wao wanaandika hivohivo nilivyotamka, nikawakata maksi darasa zima.